Bei ya Haki ya Gitaa la Mwanafunzi: Majibu kwa Hoja Zinazopotosha

Mwaka 1954 kampuni ya Gibson, pale Kalamazoo katika jimbo la Michigan, ilitoa gitaa la umeme liitwalo Les Paul Junior kwa dola 99.50. Miaka mitano baadaye ikatoa jingine, Melody Maker, kwa bei hiyohiyo. Yote mawili yalimlenga mwanafunzi: kijana anajifunza, mzazi analipa. Leo Junior ya miaka ya 1950 ambayo haijaguswa huuzwa kwa maelfu kadhaa ya dola, na Melody Maker ya 1959 iliyotunzwa vilevile hupata sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Anayeweza kueleza kwa nini magitaa mawili ya kiwanda kimoja, yenye umri unaokaribiana na bei moja ya mwanzo, yameachana namna hiyo, ameshamaliza nusu ya kazi ya kukadiria bei. Wengi hawawezi, na mahali pa maelezo wameweka misemo. Misemo hiyo inawalangua vijana ambao magitaa haya yalitengenezwa kwa ajili yao, na wauzaji nao inawapotosha. Nitaijibu mmoja baada ya mwingine. Mingine haihitaji maneno mengi.

Tuelewane kwanza ni magitaa gani. Fender, huko Fullerton, California, ilitoa Musicmaster na Duo-Sonic mwaka 1956, Mustang mwaka 1964 na Bronco mwaka 1967. Gibson ilikuwa na Junior na Melody Maker. Danelectro, kampuni ya Nathan Daniel huko New Jersey, ilitengeneza magitaa ya Silvertone yaliyouzwa na Sears madukani na kwa katalogi, na baadhi yake yalikuja na amplifaya iliyojengwa ndani ya kasha la gitaa. Kuna mengine mengi, lakini haya yanatosha kueleza jambo lenyewe.

"Ni la zamani, kwa hiyo ni ghali"

Umri peke yake hauuzi gitaa. Rudi kwenye yale mawili ya Gibson. Junior ina bodi la ubao mnene wa mahogani, shingo iliyogundishwa ndani ya bodi, na pikapu moja ya aina ya P-90, ambayo ni sumaku yenye koili pana ya waya inayotoa sauti nzito na kali. Melody Maker ina bodi jembamba zaidi na pikapu ndogo yenye sauti nyembamba. Mwanafunzi wa mwaka 1959 hakujali sana tofauti hiyo. Walioijali ni wapigaji waliokuja baadaye: Leslie West wa bendi ya Mountain, kisha Johnny Thunders, walioonyesha kwamba Junior ikisukumwa kwenye amplifaya kubwa inatoa sauti ambayo magitaa ya bei mara mbili yake hayaitoi. Bei ya leo imefuata mahitaji ya wapigaji hao na ya waliowasikiliza.

Hata ndani ya modeli moja umri haupandi ngazi sawasawa. Musicmaster ya 1957 ina bamba la alumini lililotiwa rangi ya dhahabu. Pale mkono ulipopita kwa miaka mingi dhahabu hiyo imeisha na alumini nyeupe imejitokeza, alama ambayo ni vigumu kuighushi. Musicmaster ya 1978 nayo inakaribia nusu karne, ni gitaa zuri, lakini ni la wakati ambapo kiwanda kilikuwa kikitoa magitaa kwa wingi, na wakusanyaji hawaligombanii. Wakusanyaji wanapenda sana yale ya kabla ya Januari 1965, mwezi ambao kampuni ya utangazaji ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13. Ila wengine wameigeuza tarehe hiyo kuwa ukuta. Mustang ya Machi 1965 ilitengenezwa na mikono ileile, kwa mbao na spea zilezile za Novemba 1964. Anayekuongezea dola mia nne kwa sababu ya miezi hiyo minne anakuuzia kalenda.

"Lilikuwa gitaa la bei rahisi, haliwezi kuzidi bei ya jipya la kuanzia"

Huyu naye anakosea, na kosa lake linawaumiza wauzaji. Dola 99.50 za mwaka 1954 zina uwezo wa kununua unaozidi dola 1,100 za leo. Ndiyo, Stratocaster ya Fender ya mwaka huohuo ilikuwa dola 249.50, na kwa kulinganisha Junior ilikuwa nafuu. Lakini mzazi aliyelipa fedha ile hakununua mdoli wa kuchezea.

La muhimu zaidi ni kujua unafuu ulitoka wapi. Kwenye Junior, Gibson ilipunguza gharama kwa kuondoa mapambo: bodi limelala bapa bila kuchongwa mbinuko, kingo hazikuzungushiwa utepe, alama za shingoni ni vidoti vya kawaida, pikapu ni moja badala ya mbili. Mbao, gundi na kazi ya shingo ni za kiwanda kilekile kilichotengeneza magitaa ya gharama. Fender ilifanya hivyohivyo kwa Musicmaster: pikapu moja, vidhibiti viwili, shingo fupi, kazi chache za mashine. Danelectro ilipita njia nyingine kabisa. Nathan Daniel alitumia fremu ya mbao iliyofunikwa mbao za kubanwa za masonaiti juu na chini, na pikapu zake alizifungia ndani ya vikopo vinavyofanana na vya rangi ya mdomo. Hapo unafuu umeingia hadi kwenye mali yenyewe, lakini sauti yake ina uwazi wa pekee, na Jimmy Page aliipiga Danelectro jukwaani akiwa na Led Zeppelin.

Kwa hiyo ukilishika gitaa la mwanafunzi, jiulize ni kitu gani kilichopunguzwa ili bei ishuke. Kama ni pambo, leo hupotezi kitu. Kama ni mhimili wa shingo au funguo za kukazia nyuzi, utakilipia kila wiki unapolirekebisha, na bei inapaswa kulikiri hilo.

"Kuna jingine kama hili limetangazwa dola 3,500"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi kuliko yote, na ndilo linaloharibu soko. Bei ya tangazo inaeleza matumaini ya mtu mmoja. Gitaa lililokaa kwenye tangazo miezi minane kwa dola 3,500 limekwisha kutoa ushahidi wake: wanunuzi waliliona na hakuna aliyelipa. Bei inayofaa kulinganishwa ni ile iliyofungwa, fedha zikabadilisha mikono. Masoko makubwa ya magitaa ya mtandaoni yanaonyesha mauzo yaliyokamilika, na minada huchapisha bei za mwisho. Tafuta mauzo kadhaa ya miezi ya karibuni, ya modeli hiyo, miaka inayokaribiana, rangi moja na hali moja. Weka kando lililouzwa ghali kupita yote na lililouzwa rahisi kupita yote, kisha angalia yaliyobaki yamekusanyika wapi.

Vitabu vya bei vinavyotoka kila mwaka Marekani vina faida yake, lakini visome kwa uangalifu. Namba zilizomo humo ni za gitaa lililo katika hali bora na lenye kila kitu lilichotoka nacho kiwandani. Muuzaji huchukua namba ya juu kabisa ya ukurasa na kuipachika kwenye gitaa lenye funguo tatu za asili na tatu za dukani. Kitabu hakikusema hivyo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalitaki kulisikia: gitaa moja lina bei za haki tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni bei ya dukani, ambapo fundi amelikagua, amelirekebisha, na ukilirudisha ndani ya siku chache unarudishiwa fedha zako. Ya pili ni ya mtu na mtu, isiyo na kodi ya fremu wala dhamana. Ya tatu ni ile ambayo duka linakulipa wewe ukipeleka la kwako, na mara nyingi huwa kati ya nusu na theluthi mbili ya ile ya kwanza. Mtu anayepewa dola 600 dukani kwa gitaa litakaloandikwa 1,000 hajaibiwa, na mtu binafsi anayedai 1,000 hizohizo kwa gitaa lisilo na dhamana yoyote hatendi haki. Mabishano mengi ya bei niliyowahi kuyasikia ni ya watu wawili ambao kila mmoja ana bei sahihi ya meza tofauti.

"Hili ndilo alilopiga Kurt Cobain"

Hapana. Mustang ya bluu ya mwaka 1969, yenye mistari ya gari la mashindano, ambayo mwanamuziki huyo wa roki aliipiga kwenye video ya wimbo uliomtoa mwaka 1991, iliuzwa kwa mnada Mei 2022 kwa zaidi ya dola milioni 4.5. Fedha hizo zililipwa kwa kipande kimoja cha mbao kilichoshikwa na mkono mmoja. Mustang nyingine ya 1969 ni Mustang ya 1969. Ni kweli kwamba jina lake liliamsha hamu ya watu kwa modeli nzima, lakini hamu hiyo imo tayari ndani ya bei za mauzo yaliyokamilika. Ukiiongeza tena juu yake umeihesabu mara mbili.

"Namba ya serial inatosha"

Haitoshi, na hapa ndipo ninapomwomba kila mnunuzi awe na bisibisi, na kila muuzaji mwaminifu akubali itumike.

Kwa Fender, namba imechongwa kwenye bamba la chuma linaloshika shingo nyuma. Mabamba hayo yalikuwa yanachotwa kutoka kwenye masanduku bila kufuata mpangilio wa namba, na skrubu nne zinatosha kulihamishia kwenye gitaa jingine. Kwa Gibson za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 mambo ni magumu zaidi, kwa sababu namba zilirudiwa: namba ileile inaweza kuwa kwenye magitaa mawili ya miaka tofauti. Namba inakupa kipindi. Ushahidi wenyewe uko ndani.

Chukua Mustang ya kati ya miaka ya 1960. Legeza nyuzi, fungua zile skrubu nne, itoe shingo polepole bila kuikwangua. Kwenye kisigino chake, sehemu inayojificha ndani ya bodi, utaona muhuri wa wino: mwezi, mwaka, na mwishoni herufi moja inayoeleza upana wa shingo kule juu, A ikiwa nyembamba na B ya kawaida. Kisha fungua kibamba cha chuma chenye vidhibiti vya sauti na uvigeuze mgongo juu. Kila kidhibiti kimepigwa tarakimu ubavuni. Tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji, 137 kwa CTS na 304 kwa Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki, kwa hiyo 137 6612 ni wiki ya 12 ya mwaka 1966. Hiyo ni tarehe ya kidhibiti kuzaliwa, na kama kidhibiti ni cha asili gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo, lakini linaweza kuwa la baadaye sana. Fender ilinunua shehena kubwa ya vidhibiti mwaka 1966 ikavitumia kwa miaka kadhaa, kwa hiyo kidhibiti cha 1966 ndani ya gitaa la 1968 si kosa wala udanganyifu.

Ukiwa humo ndani, tazama lehemu. Ile ya kiwandani imetulia, haina dalili ya kuyeyushwa mara ya pili, na waya za wakati ule zimevikwa kitambaa. Ukikuta waya za plastiki zenye rangi kali na matone mapya yanayong'aa, kuna mkono uliopita. Mkono huo unaweza kuwa wa fundi mzuri aliyebadilisha soketi iliyokufa. Hapo unauliza na kusikiliza jibu. Muuzaji akikataa kabisa gitaa lisifunguliwe, nami ninalikadiria kama gitaa ambalo ndani yake hamjulikani kilichomo.

"Si orijino, halina thamani" na mwenzake, "Limepakwa rangi mpya, linapendeza zaidi"

Hawa wawili nawajibu pamoja, kwa sababu wote wanakwepa swali moja: lililobadilishwa linaweza kurudishwa lilivyokuwa?

Nyuzi, briji, funguo, vidhibiti na pikapu vinafunguka na kufungika. Kama funguo za asili zimepotea lakini hakuna tundu jipya lililotobolewa kwenye kichwa cha gitaa, hasara yake ni gharama ya kutafuta funguo za zama zilezile, basi. Freti ni jambo jingine kabisa. Hizi ni vipande vya chuma vinavyolika kwa kupigwa, na gitaa la mwaka 1960 lenye freti zake zote za asili mara nyingi ni gitaa ambalo halikupigwa, au limepigwa hadi haliwezi tena kukaa kwenye sauti. Fundi stadi akiweka freti mpya ameliongezea maisha, na sioni sababu ya mpigaji kudai apunguziwe kwa hilo. Mkusanyaji atadai kidogo, na ni haki yake.

Mbao iliyochimbwa hairudi. Melody Maker nyingi zilichimbwa katika miaka ya 1970 ili ziingie pikapu kubwa zenye koili mbili, mtindo wa wakati huo, na shimo lile litabaki hata ukirudisha pikapu ndogo ya asili. Junior nazo zilichimbwa ili kuongezewa pikapu ya pili. Magitaa kama hayo yanapiga vizuri sana, tena sauti yake inaweza kuwa pana zaidi, na bei yake ni ya kazi yanayofanya, mbali kabisa na bei ya kabati la mkusanyaji.

Rangi ndiyo inayoleta kelele. Kipimo cha haraka cha wauzaji wa Marekani ni kwamba gitaa lililopakwa upya hupoteza karibu nusu ya thamani yake, hata kama kazi ni safi. Watu wanaliona jambo hilo kama ukatili, kwa kuwa gitaa linang'aa na muziki haujabadilika. Lakini fikiria kilichofutika: michubuko ya mkono, mpauko wa jua, tabaka jembamba la lakeri lililokauka kwa miaka sitini, na zaidi ya hayo ushahidi wa kila kilichofanyika chini yake. Rangi mpya inaweza kuficha shimo lililojazwa au ufa ulioungwa. Mnunuzi anapunguza bei kwa sababu ya kile asichoweza tena kukiona.

Kuigundua si kazi ngumu. Ondoa bamba la plastiki la Mustang nyekundu ya 1965: chini ya bamba wekundu unapaswa kuwa mzito na mbichi, na nje yake umepauka, mpaka kati yao ukifuata ukingo wa bamba. Nyeupe huwa imegeuka rangi ya siagi nje na kubaki nyeupe zaidi ndani. Rangi ikiwa sawasawa kila mahali, na hasa kama imejaa hadi ndani ya mashimo ya skrubu, imepakwa. Mafundi wengi pia huweka taa ya urujuanimno: lakeri ya zamani ya Gibson hutoa mwanga wa manjano unaoelekea kijani, na kiraka cha rangi mpya kinabaki giza. Kwa Junior chunguza mara mbili, maana ile ya rangi ya manjano ya maziwa, iliyopewa jina la TV, hupata bei kubwa kuliko ya rangi ya kahawia inayofifia kuelekea kingoni, na kuna Junior za kahawia zilizogeuzwa kuwa za manjano kwa ajili hiyo hasa.

Usisahau kichwa cha Gibson. Kimeinamishwa nyuma, shingo ni ya mahogani, na gitaa likianguka chali huvunjika pale chini ya kichwa. Likiungwa vizuri linaweza kupigwa miaka hamsini mingine, lakini soko linalikata karibu nusu. Pitisha kidole gumba nyuma ya shingo pale inapokutana na kichwa, ukisikia ngazi ndogo kwenye lakeri lete taa. Kichwa cha Fender kimenyooka na shingo, na balaa hili halikipati mara nyingi.

Tufanye hesabu moja, na namba hizi ni za mfano tu. Tuseme Mustang ya 1966 ambayo haijaguswa imefungwa mara kadhaa kwa karibu dola 2,000, mtu na mtu. Iliyo mbele yako imepakwa upya: shuka hadi 1,000. Funguo si zake lakini hakuna matundu mapya: toa 100. Freti zimekwisha, na fundi anataka 350: toa. Mkono wa kutikisia nyuzi haupo: toa 50. Kasha lake gumu la asili lipo na bawaba zinafunga: ongeza 150. Umefika dola 650. Muuzaji anaomba 1,600 na anakwambia atakupunguzia hadi 1,400 kwa kuwa anakupenda. Mwonyeshe hesabu, mstari kwa mstari, kwa heshima. Akiwa na jibu kwa mstari wowote, kwa mfano picha zinazothibitisha kuwa rangi ni ya kiwandani, upandishe. Asipokuwa nalo, nenda zako.

Kosa moja la kuepuka katika hesabu hiyo ni kukata mara mbili. Kama magitaa uliyolinganisha nayo yalikuwa na freti zilizokwisha vilevile, freti zimeshalipiwa ndani ya ile 2,000, na kuzitoa tena ni kumwonea muuzaji.

"Ni fupi, la watoto"

Hapa kuna nusu ya ukweli. Musicmaster na Duo-Sonic za mwanzo zina urefu wa uzi wa inchi 22.5, sentimita 57 hivi. Mustang ilitoka kwa chaguo mbili, 22.5 au 24. Stratocaster ni 25.5. Uzi mfupi unalegea zaidi ukiukaza kwenye sauti ileile, na kwenye 22.5 mtu mwenye vidole vinene atabanwa kule juu ya shingo. Wapigaji wengi wanataka 24, na Mustang ya 24 hupata bei nzuri kuliko ndugu yake mfupi, kwa hiyo pima kwanza ndipo ukubali bei. Lakini ukilegea uzi, weka unene unaofuata na tatizo linapungua sana. Jimi Hendrix alipiga Duo-Sonic kabla jina lake halijatoka, na vidole vyake havikuwa vya mtoto.

"Nunua kwa bei yoyote, yanapanda kila mwaka"

Soko la magitaa ya zamani lilipanda kwa kasi hadi kwenye mwaka 2008, kisha likaanguka pamoja na msukosuko wa fedha, na walionunua kileleni walisubiri miaka mingi. Lilipanda tena watu walipofungiwa majumbani mwaka 2020, halafu likapoa. Anayekuuzia leo kwa bei ya kesho amechukua faida yako mapema. Na magitaa ya wanafunzi ndiyo ya kwanza kukosa wanunuzi soko likipoa, kwa kuwa tajiri mkusanyaji hukimbilia modeli kubwa, na mpigaji wa kawaida hana akiba ya ziada.

"Bei ya Marekani ndiyo bei ya hapa"

Kwa anayetaka kulileta Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ongeza usafiri, bima, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania bara na 16 Kenya. Kisha tazama ubao wa vidole. Mengi ya magitaa haya yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960, yenye ubao wa kahawia iliyokolea, yametumia mti wa Brazili, Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Mti huo wa Brazili uko katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 1992, na kuuvusha mpaka kibiashara kunahitaji vibali. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika za miti mingine ya jamii hiyo zilisamehewa, lakini ule wa Brazili haumo katika msamaha. Gitaa lisilo na kibali linaweza kuzuiliwa, na hasara hiyo muuzaji wa Chicago hakuiweka kwenye bei yake. Kama limekuja na amplifaya, kumbuka ni ya volti 120 hivi, itahitaji transfoma kwenye volti zetu 230 hadi 240.

"Asiyejua thamani ya mali yake, shauri yake"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na linasemwa kwa fahari. Mama mzee ameachiwa gitaa na marehemu mumewe, analiuza uani kwa dola 80 pamoja na sahani na viti. Mnunuzi anaona ni Junior ya 1957, analipa haraka, anaondoka akisimulia bahati yake.

Nimesema bei ya haki husomwa kwenye mauzo yaliyofungwa. Mauzo hayo yana maana kwa sababu pande zote mbili zilijua kinachouzwa. Pale ambapo mmoja anajua na mwenzake hajui, zile dola 80 hazipimi chochote isipokuwa ukimya wa mnunuzi. Wapo wanaojitetea kwamba elimu yao imewagharimu miaka na inastahili malipo. Nakubali kabisa, na malipo ya elimu hiyo yanajulikana: ni ile tofauti kati ya bei ambayo duka linanunulia na bei linayouzia. Duka la haki humpa muuzaji nusu hadi theluthi mbili na kubaki na kinachobaki kwa ajili ya kazi, hatari na maarifa yake.

Basi mfanyie mama huyo vilevile. Mwambie, "Shikamoo mama, hili si gitaa la dola 80." Lifungue mbele yake, mwonyeshe namba na vidhibiti, mtafutie mauzo matatu ya karibuni kwenye simu yako ayaone mwenyewe. Kisha taja fedha uliyo nayo. Ikiwa inafika nusu ya bei ya dukani na yeye anataka kumaliza leo, nunua bila wasiwasi. Ikiwa haifiki, mwandikie kwenye karatasi jina la modeli, mwaka na bei ya chini asiyopaswa kuishuka, ili atakayekuja nyuma yako aikute.